Shukrani kwa Mama, na Wapenzi Wetu Walio Mbali
Hotuba kwa Wakristo na waalimu wa Gerezani



Katika siku hizi za jubilei twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa ajili ya mapadre, masista na makatekista walioieneza Injili katika nchi yetu. Ni haki kufanya hivyo. Lakini neno langu leo ni la akina mama, na zaidi wale ambao watoto wao wako mbali.

Sisi wa Gerezani twapita Kariakoo kila siku, wala hatulifikiri sana jina lile. Katika Vita Kuu ya kwanza, Waingereza walipokwisha kuutwaa mji huu mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi kilikaa mahali pale. Kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na vinywani mwa watu wetu kikawa Kariakoo. Wapagazi wale walichukua mizigo ya vita vichwani, nao makumi ya maelfu wakafa, wengi wao kwa maradhi. Mwaka 1927 ikasimamishwa katikati ya mji sanamu ya Askari, kuwakumbuka askari na wapagazi pia. Maandiko yake yaahidi kwamba aliyekufa vitani atakumbukwa na watoto wake. Lakini walikuwamo vijana wasiojaliwa mtoto. Je, kijana kama huyo alikumbukwa na nani, kama si mama yake, aliyeitazama njia miaka mingi wala asionyeshwe kaburi? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Mtakatifu Monika, mama wa Afrika ya Kaskazini, aliujua uchungu wa kuachwa. Mwaka 383 mwanawe Augustino alimdanganya, akapanda merikebu usiku huko Karthago kwenda Roma. Kulipokucha mama akalia pwani. Hata hivyo hakuacha kumwombea, kisha akavuka bahari kumfuata. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Augustino akabatizwa na Askofu Ambrosio, na mwaka ule ule Monika akafa huko Ostia, mbali na kwao. Baadaye Augustino akaandika kitabu chenye habari zake kwa shukrani nyingi. Lakini mama hakukisoma. Alikuwa amekwisha kufa.

Basi tumtazame Bwana wetu. Katika maumivu ya msalaba alimwona mama yake, akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, naye akampokea nyumbani kwake. Bwana hakungoja. Tena hakumpa maneno matupu. Alimpatia mtu na nyumba. Hiyo ndiyo shukrani ya kweli.

Katika mitaa yetu wamo vijana waliokuja kutafuta riziki sokoni, na mama zao wako bara. Wamo pia akina mama wazee ambao watoto wao wamesafiri, au wamekufa. Hukaa mlango kwa mlango, na kila mmoja hulia peke yake. Ee kijana, kumtumia mama fedha kwa simu ni vema. Lakini mpe na sauti yako, umwulize ameamkaje. Kisha mwangalie bibi jirani yako: mchukulie mzigo wake, msindikize kanisani. Nawe mama uliyemkosa mwanao, mwalike kijana huyo ale kwako siku ya Jumapili. Nanyi waalimu, wafundisheni watoto kumshukuru mama angali hai. Na mtoto asiye na mama, asiachwe ajione mgeni siku hiyo, bali aulizwe ni nani ampikiaye na kumfulia, naye amshukuru huyo.

Hatuwezi kuwarudisha wote walio mbali. Wengine tutawaona kwa Mungu tu. Lakini mlango twaweza kuufungua. Basi kila mtu atoke hapa akiwa na mama mmoja moyoni, atakayemwendea kabla ya Jumapili ijayo.

Mungu awabariki mama zetu, walio hai na waliolala. Amina.