Kuona Kabla ya Kutenda



Mwaka 1961, katika waraka wa Mater et Magistra, Baba Mtakatifu Yohane XXIII alitupendekezea hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Sisi wanajumuiya hatua ya tatu twaiweza sana. Ya kwanza hutushinda. Pampu ya kisima chetu ilipoharibika tulichanga mara mbili, na fundi akaja mara mbili. Mtoto mmoja wa darasa la nne akauliza, “Mbona huharibika kila baada ya mvua?” Tulimnyamazisha, maana wakubwa walikuwa wakizungumza. Juma lililofuata ndipo tulipokwenda kutazama: mfereji wa barabarani ulikuwa ukimwaga mchanga kisimani. Tuliugeuza kwa majembe, kazi ya asubuhi moja. Mtoto yule bado hatujamwomba radhi.