MPINZANI ASIYEKUWAPO UWANJANI

Somo: Yohana 21:15-22



Huko Marekani uko mchezo upendwao sana uitwao besiboli. Mmoja hurusha mpira, mwingine huupiga kwa gongo la mbao, kisha hukimbia. Zimo timu mbili ambazo upinzani wao ni wa tangu zamani: Red Sox ya mji wa Boston na Yankees ya New York. Sisi wa Kenya, tulio na Gor Mahia na AFC Leopards, hatuhitaji kuelezwa upinzani ni nini. Basi na tumtazame shabiki wa Boston.

Hapo mwanzo Boston ndio waliokuwa wakubwa. Kufikia mwaka 1918 walikuwa wamechukua ubingwa mara 5, na Yankees hawajauonja. Kisha mwenye timu ya Boston akamwuza mchezaji wake hodari, Babe Ruth, kwa hao Yankees. Habari hiyo ilitangazwa Januari 1920, na mambo yakageuka. Kati ya 1923 na 2000 Yankees walitwaa ubingwa mara 26. Boston hata mara moja. Julai 1978 Boston waliwatangulia Yankees kwa tofauti ya michezo 14, lakini wakafikiwa, na tarehe 2 Oktoba wakashindwa 5 kwa 4 mbele ya watu wao. Mwaka 2003 wakatolewa tena na hao hao, kwa pigo moja la usiku wa manane.

Babu alingoja, akafa. Baba naye akangoja, akafa. Mtoto akarithi upendo wa timu yake, na pamoja nao akarithi uchungu. Mwishowe mashabiki wa Boston wakazoea kuwaimbia Yankees matusi hata siku ambazo Yankees hawapo. Imekuja timu nyingine kabisa, lakini wanaotukanwa ni Yankees! Mtu amelipa kiingilio chake aitazame timu aipendayo, na moyo wake uko New York.

Ndugu msikilizaji, je, wewe mpinzani wako ni nani? Labda ni jirani aliyejenga nyumba ya mawe wakati wewe ungali unahangaikia karo. Labda ni ndugu mliyeshindana naye juu ya mpaka wa shamba, kesi iliyoanza siku za babu zenu, na leo watoto wako wamekatazwa kuwasalimu watoto wake. Watoto hao hawajui hata jiwe la mpaka liko wapi, lakini chuki wamekwisha kurithishwa. Waja kanisani, waimba, wainamisha kichwa kuomba, na yule mtu asiyekuwapo ndiye aliyejaa moyoni mwako.

Petro naye alijaribiwa hivyo. Bwana alikuwa amekwisha kumrudisha baada ya kumkana mara tatu, akampa kazi ya kulisha kondoo. Siku njema kama hiyo! Lakini Petro akageuka, akamwona yule mwanafunzi mwingine, akauliza habari zake. Yesu hakumpa hesabu ya mwenzake. Alimwonyesha kwamba hayo hayakuwa juu yake. Kazi yake ni kumfuata Bwana.

Pengine wasema, “Siku nitakapomshinda, moyo wangu utatulia.” Sikiliza basi. Mwaka 2004 Boston walikutana tena na Yankees, wakashindwa michezo mitatu ya kwanza, wa tatu kwa 19 kwa 8. Kisha wakashinda minne mfululizo, wakaendelea mpaka wakautwaa ubingwa, baada ya miaka 86. Watu walikwenda makaburini, wakaweka bendera za timu juu ya makaburi ya baba zao waliokufa wakingoja. Lakini matusi kwa Yankees hayakukoma. Ushindi uliwapa furaha, uchungu haukuuponya.

Kuanguka kwa jirani yako hakutakuponya wewe. Aponyaye ni Yesu, naye huanza kwa kukugeuza uso umtazame yeye. Juma hili mtaje mtu huyo kwa jina mbele za Mungu, si kwa kumshtaki, bali kwa kumwombea heri. Kisha nenda ukamsalimu, na watoto wako wakuone ukimsalimu. Huo nao ni urithi.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe wajua yule tunayemtazama kila siku kwa jicho la wivu. Mbariki yeye na nyumba yake. Utuondolee uchungu tuliorithi, tusije tukawarithisha watoto wetu. Utugeuze, tukufuate wewe. Kwa jina la Yesu, Amina.