Kumpiga Picha Bundi Arukapo Usiku

Leo nataka kuwapa habari za ndege ambaye wengi wetu hatupendi hata kumtaja jina jua likiisha kuchwa, nami nimekesha naye mara nne katika ghala moja huko Kileo, chini ya milima ya Upare, upande wa njia kuu itokayo Moshi kwenda Same. Ndege huyo ni bundi. Sikwenda kumwinga wala kumpigia ramli. Nalikwenda kupata picha yake akiruka, kazi ambayo nalidhani ni nyepesi hata nilipoijaribu.

Ghala lilikuwa la mzee mmoja mkulima wa mahindi. Bundi wawili weupe, wale wenye uso mfano wa moyo, walikuwa wametaga darini. Bundi wa namna hii hajengi kiota. Akiona mahali pa giza pasipo na mtu, hutaga papo hapo. Vifaranga walikuwa wakikoroma usiku kucha, sauti kama mtu anayevuta pumzi kwa meno yaliyokazwa. Na katika siku zizo hizo mjukuu mdogo wa mzee alishikwa na homa. Mtoto alikwisha pelekwa zahanati, na dawa ya malaria alikwisha anza kunywa, walakini mnajua maneno ya majirani yalivyokuwa. Mzee aliazimia kuwatoa ndege kwa moshi siku ya Jumamosi. Nalifika Jumanne, nikamwomba anivumilie. Akasema, “Haya, mwanangu, kaa nao. Lakini Jumamosi ni Jumamosi.”

Tazameni kwanza ugumu wa kazi yenyewe. Njiwa akiruka twamsikia, na jicho humgeukia. Bundi hasikiki. Ukingo wa mbele wa bawa lake una meno laini kama kitana, na juu ya manyoya pana wororo kama mahameli, hata upepo upitao hauvumi. Na masikio yake hayalingani: moja li juu kidogo kuliko lenzake, na kwa tofauti hiyo hujua panya alipo hata penye giza tupu. Basi mtu aketiye gizani akingoja kusikia mbawa ndipo abonyeze chombo, atangoja mpaka kuche. Bundi humsikia yeye; yeye hamsikii bundi.

Usiku wa kwanza nalifanya vivyo hivyo. Nalipata picha kumi na saba za ukuta mtupu, na moja yenye ncha ya mkia.

Usiku wa pili sikupiga picha hata moja. Nalikaa nje mbali kidogo, nikatazama tu, na nadhani usiku huo ndio uliokuwa wa kazi kuliko yote. Naliona kuwa ndege hutoka upande wa mashamba, hutua juu ya mti mkavu, hukaa kitambo akigeuza kichwa, kisha huja tunduni kwa njia moja tu. Akikaribia hushuka kidogo chini ya usawa wa tundu, halafu huinuka na kufungua mabawa yote mawili ili apunguze mwendo. Hapo, kiasi cha hatua mbili kutoka ukutani, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, uso wake huelekea mbele, miguu hushuka, na mabawa husimama. Kabla ya hapo ni kivuli, na baada ya hapo ni mkia. Ufundi wa picha hii ni kupachagua mahali hapo tangu mchana. Nalisimamisha fito yenye karatasi nyeupe nchani mahali pale pale, nikaisawazisha lenzi mpaka maandishi ya karatasi yakasomeka, kisha nikaiondoa fito. Nikatega pia mwale wa mwanga usioonekana kwa macho, ili ndege mwenyewe akiukata, kamera ijipige.

Nalipokuwa nikingoja usiku wa tatu, nalimkumbuka mtu aliyepata kufanya kazi hii katika nchi hizi zamani sana. Karibu na Kileo hupita mto Ruvu, utokao ziwa Jipe na kuungana na maji mengine kuwa mto Pangani. Katika nchi za mto Pangani na chini ya Kilimanjaro, mwanzoni mwa karne iliyopita, alitembea Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, akiwapiga picha wanyama usiku. Kitabu chake cha picha hizo kilitoka mwaka 1905. Alitumia vioo badala ya filamu, na unga uwakao kwa mshindo na moshi. Alikuwa akifunga ng’ombe au punda hai, simba akija kumrukia, unga ukawaka. Picha zake zilistaajabiwa sana. Mimi pia nazistaajabia, ila huyo ng’ombe aliyefungwa hanitoki moyoni.

Mwako wa unga ule ulikuwa mrefu mno kwa bawa la ndege. Ilikuwa mpaka miaka ya 1940 ndipo Mwingereza Eric Hosking, kwa taa mpya za umeme, alipopata picha za bundi akiruka, kila unyoya ukionekana. Na bundi walikwisha mlipisha: mwaka 1937, akiwa anarudi usiku kwenye kibanda chake cha kujifichia karibu na kiota, bundi mmoja alimpiga makucha usoni, naye akapotewa na jicho moja. Hakuiacha kazi. Mimi naliposoma habari hiyo nalinunua miwani, na huko Kileo sikuivua.

Turudi kwenye kazi. Usiku ule wa tatu ndege alikuja, kamera ikajipiga, na mabawa yakatoka kama moshi. Kosa lilikuwa langu. Gizani si kamera ikamatayo mwendo, bali ni taa. Taa yangu ikiwaka kwa nguvu zote, mwako wake hudumu karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa uso wa mtu huo ni muda mfupi sana, walakini ncha ya bawa hupata kusogea na kuacha ukungu. Ukiipunguza nguvu, mwako nao hufupika, hata sehemu moja ya elfu kumi. Lakini mwanga huwa haba, kwa hiyo yakupasa kutumia taa mbili au tatu na kuzisogeza karibu, nawe ukizisogeza karibu sana ndege haji. Vifaranga wakalala njaa kwa ajili ya picha yako. Nalijiwekea sharti: akikataa kuingia mara mbili, nazima kila kitu na kwenda zangu.

Siku ya Ijumaa mjukuu mkubwa wa mzee, kijana wa shule, aliniletea panya hai amemfunga uzi mguuni. Akasema, “Tumweke hapa chini, bundi atakuja upesi.” Shauri hilo lilinivuta, nakiri, maana nalikuwa nimebakiwa na usiku mmoja. Nikamkatalia, akaondoka na panya wake amenuna kidogo.

Saa nne usiku bundi alikuja. Katika picha mabawa yameinuka, macho ni meusi, na mguu wa kuume umemkamata panya shingoni, mkia wake unaning’inia. Ncha ya bawa la kushoto imekatwa na ukingo wa picha, jambo linaloniudhi hata leo.

Asubuhi nalimpelekea mzee. Nalikuwa nimempasulia pia matonge yaliyo chini ya dari, yale ambayo watu waliyadhania uchawi; ni manyoya na mifupa ambayo bundi huitapika, na ndani yake mlikuwa na mafuvu ya panya yenye meno ya manjano. Mzee aliyatazama bila kusema neno. Picha aliishika muda mrefu, kisha akaniuliza, “Panya huyu umemfunga wewe?” Kabla sijajibu, kijana akasema, “Mimi nilitaka, babu. Yeye akakataa.”

Mzee hakuwasha moshi Jumamosi ile. Wala hakukubali yote. Alisema panya wake wameliwa, shukrani, lakini bundi asikae juu ya chumba walalamo watoto wake. Vifaranga wakiisha kuruka, tundu lizibwe, nao watengenezewe sanduku la mbao juu ya mti kando ya shamba. Mbao nalinunua mimi. Mtoto mgonjwa homa ilikuwa imemtoka tangu Alhamisi. Nami nalipoagana nao, vifaranga walikuwa watatu, mkubwa wao kimo chake kama mara mbili ya mdogo, wakikoroma darini mchana kweupe.