Kilemba cha Gunia la Dundori
Bei ya viazi mmeisikia, uzani je? Ukipanda kutoka Lanet hadi Dundori, huku Nakuru, utamkuta kijana kashika sindano ndefu, anashona wavu kama kilemba juu ya gunia lililokwisha kujaa, liongezwe viazi. Hiyo ndiyo lumbesa. Kanuni za viazi za Kenya za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, basi. Nani atabishana, na viazi vya aina ya Shangi huchipua upesi ghalani, na lori ni la dalali?

Unyonge huu wa mkulima una historia. Enzi za ukoloni nyanda hizi zilitengewa walowezi wazungu. Baada ya uhuru, katika sehemu nyingi za Nakuru, waliokuwa vibarua na maskwota walichanga senti, wakanunua mashamba kupitia vyama na kampuni za ardhi, wakagawana. Wajukuu wanalima vipande vya vipande. Na kile kilemba cha gunia, dalali hakilipii hata ndururu.