Kibwebwe cha Shangazi: Maumivu Yanayobaki Baada ya Mkanda wa Jeshi

Nimeambiwa mhadhara wa uprofesa huanza kwa kueleza fani. Mimi nitaanza na kanga.

Shangazi yangu wa Pangani aliugua mkanda wa jeshi mwaka 1994. Malengelenge yalimtoka upande wa kulia tu. Yalianzia mgongoni, yakazunguka mpaka karibu na kitovu, yakakoma hapo kama yaliyowekewa mpaka. Baada ya wiki tatu yakakauka, magamba yakadondoka, na kwenye zahanati akaambiwa, "Mama, umepona." Miezi minane baadaye alikuwa bado hawezi kuvaa gauni. Kidonda hakikuwapo tena. Kilichomuuma ni kitambaa. Upepo ukilipeperusha gauni likamgusa ubavuni, alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Lakini kanga alijifunga, tena akaikaza kwelikweli, asubuhi mpaka usiku. Majirani wakauliza, shangazi yenu kajifunga kibwebwe, ana shughuli gani? Wengine, maana ilikuwa miaka ile, walisema maneno mengine kwa sauti ya chini.

Hayo ya sauti ya chini tuyaseme kwa sauti. Ni kweli kwamba Virusi Vya Ukimwi hufungua njia ya ugonjwa huu, na Shirika la Afya Duniani limeuweka mkanda wa jeshi katika hatua ya pili ya dalili za maambukizi hayo. Ndiyo maana mgonjwa wa mkanda wa jeshi hushauriwa kupima, na ni ushauri mzuri. Lakini kinga hupungua pia kwa umri, na shangazi alikuwa na miaka 67. Aibu ilimfanya ajifiche ndani siku tano. Dawa ya asaiklovia hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Hesabu hiyo fanyeni wenyewe.

Kwa nini mkanda? Wagiriki nao waliuita mshipi, na jina la Kiingereza limetokana na neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo. Waswahili tukaongeza askari. Sababu ya umbo hilo ilianza kueleweka vizuri mwaka 1900, madaktari Henry Head na Campbell walipochunguza wagonjwa wa mkanda wa jeshi huko Uingereza, na mafundo ya neva ya waliofariki, wakachora ramani ya ngozi ya binadamu: karibu kila neva itokayo kwenye uti wa mgongo ina ukanda wake. Ukanda wa shangazi, unaofika kitovuni, ni wa neva ya kumi ya kifua. Kisha mwaka 1965 Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, akatoa hoja kwamba kirusi cha tetekuwanga hakitoki mwilini mtoto anapopona. Hujificha katika mafundo hayo miaka na miaka, na kinga ikilegea huamka na kushuka na neva mpaka kwenye ngozi. Huyu ni mtu ninayemhusudu. Hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na daftari na wagonjwa aliowafahamu kwa majina.

Kirusi kinaposhuka hukwangua njia kinayopita. Ngozi hujishona upya, lakini kwa baadhi ya wagonjwa neva iliyoumizwa huendelea kupiga kelele bila kuguswa, na uti wa mgongo uliosikia kelele hizo kwa wiki nyingi huanza kupokea hata mguso wa unyoya kama maumivu. Yakizidi miezi mitatu, tunayapa jina lake, maumivu ya neva ya baada ya mkanda wa jeshi, na Panado haiyawezi.

Sasa nije kwenye plasta tunayoibandika juu ya maumivu haya. Dawa iliyomo ni lidokaini, ileile ya sindano ya ganzi ya kung'olea jino. Asili yake ni shayiri: wanakemia wa Sweden waliokuwa wakichunguza kemikali ya mmea huo walionja kitu walichokitengeneza, ulimi ukafa ganzi. Nils Löfgren na Bengt Lundqvist wakaendeleza kazi hiyo mpaka wakaipata lidokaini mwaka 1943, na Lundqvist akajichoma mwenyewe kuijaribu. (Wanafunzi, msimwige.) Plasta ya asilimia 5 iliidhinishwa Marekani mwaka 1999. Ina upana wa sentimita 10 na urefu wa 14, imebeba miligramu 700 za dawa, na hukatwa kwa mkasi kufuata umbo la mahali panapouma. Hubandikwa kwenye ngozi nzima, isiyo na malengelenge wala kidonda, kwa muda usiozidi saa 12 katika saa 24, na zisizidi tatu kwa pamoja. Inayoingia kwenye damu ni sehemu ndogo sana, yapata asilimia 3.

Tunaiita plasta ya ganzi, na jina hilo linapotosha. Mgonjwa akiibandua, ukimgusa kwa pamba anahisi pamba. Dawa ni kidogo mno kuifisha ngozi. Inatosha tu kufunga milango ya sodiamu ya neva zile zilizoharibika, zinazopiga kelele ovyo. Wapo wanaorudi wakilalamika kwamba plasta ni feki kwa sababu hawakufa ganzi. Nawauliza: usiku umelala? Wanasema, kulala nimelala.

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2014 wachambuzi wa Cochrane walipitia majaribio ya lidokaini ya kupaka na kubandika, wakasema ushahidi ulio bora hautoshi. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2015 iliiweka plasta hii katika daraja la pili, nyuma ya vidonge kama amitriptilini na gabapentini. Nakubaliana na daraja hilo kwenye karatasi. Kwenye kliniki ninaye bibi wa miaka 80 ambaye amitriptilini inamkausha kinywa, inamlewesha, na usiku akienda chooni anaanguka. Kwake plasta ingekuwa ya kwanza, kama ingekuwapo duka la dawa la karibu na kama mjukuu angeimudu bei.

Ipo pia plasta ya pilipili, yenye kapsaisini asilimia 8, ambayo mhudumu aliyevaa glavu huibandika kwa dakika 60 na nafuu yake inaweza kufika miezi mitatu. Mwasho wake mkali hupitia mlango wa neva uleule uliompatia David Julius sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Dakika hizo si za mchezo.

Lakini jaribio ninalolirudia kila mwaka darasani ni dogo, la watu 35, lililochapishwa mwaka 1996 na Michael Rowbotham na wenzake wa San Francisco. Kila mgonjwa alipewa kwa zamu plasta yenye dawa, plasta tupu, na kukaa bila kitu. Yenye dawa ilishinda. Ila ile tupu nayo, katika baadhi ya saa, ilishinda kukaa bila kitu. Huenda ni imani. Huenda pia ni kwamba kitu kilichoshikamana na ngozi kinazuia nguo isiipapase, na neva hizi huchukia kupapaswa kuliko kubanwa.

Niliposoma hapo niliweka karatasi chini. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, na shangazi alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Kibwebwe kile alikuwa akikifungua wakati wa kuoga tu, na akishajifuta alinyoosha mkono kukidai kabla hajadai kitu kingine. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, hata mimi.

Kwa wanaotumia plasta ya lidokaini nyumbani: iliyokwisha kutumika bado ina zaidi ya asilimia 90 ya dawa yake. Ikunjeni, upande wa gundi kwa ndani, na muitupe mahali ambapo mtoto hatafika.