SOMA GLOPU KABLA YA KUINUNUA

(Mazungumzo ya dereva mmoja mbele ya wanakisomo wa kijiji chake)



Mwalimu ameniomba nizungumze juu ya kazi yangu ya udereva. Nimechagua kitu kidogo: glopu ya taa kubwa ya gari. Mnalijua gari letu dogo. Ndilo linalobeba wagonjwa, mazao na watu wa gulio. Siku moja glopu ilitaka kututia msiba.

Ilikuwa wakati wa masika. Taa ya kushoto ilikuwa imeungua. Nikaenda dukani nikasema, "Nipe glopu ya taa kubwa." Nikapewa. Nilipoifunga iliingia vizuri, lakini ikawaka kwa unyonge kama kibatari. Nikasema moyoni, potelea mbali, si inawaka?

Usiku ule tukampeleka hospitali mama aliyeshikwa na uchungu. Pembeni mwa barabara, upande wa kushoto, alikuwapo mtu na baiskeli yake. Nilimwona amekwisha fika karibu na bampa. Nikakata usukani, naye akajitupa mtaroni. Alivunjika mkono, lakini alipona. Mama naye alijifungua salama.

Asubuhi nikaichomoa glopu ile, nikaisoma. Imeandikwa 24V. Kumbe ni ya lori! Gari dogo hutumia umeme wa volti 12. Basi ndugu zangu, kusoma nilijua, lakini sikusoma.

Je, tusome nini? Tazama chini ya glopu ya zamani, kwenye chuma. Magari madogo mengi hutumia glopu iliyoandikwa hivi: H4 12V 60/55W. Maana yake ni hii:

H4 ni aina ya glopu. Ina miguu mitatu, na ndani mna nyuzi mbili.

12V ni volti 12.

60/55W ni wati. Uzi wa fulu ni wati 60, uzi wa dimu ni wati 55.

Ziko aina nyingine. H7 ina uzi mmoja na miguu miwili, na haiingii mahali pa H4. Kwa hiyo usibahatishe. Nenda dukani na glopu yako ya zamani mkononi, ulinganishe maandishi.

Wengine watakuambia, "Chukua ya wati 100, inawaka zaidi." Usikubali. Waya wa gari dogo haukutengenezwa kwa umeme mwingi hivyo. Plagi huyeyuka, na gari laweza kushika moto.

Sasa tuibadilishe:

1. Zima taa na injini. Ngoja glopu ipoe, maana huunguza mkono.

2. Fungua boneti. Nyuma ya taa chomoa plagi, kisha vua kifuniko cha mpira. Achia springi, utoe glopu.

3. Shika glopu mpya kwenye chuma chake. Usiguse kioo! Mafuta ya vidole hubaki juu ya kioo, mahali pale hupata moto kupita kiasi, na glopu hufa mapema. Ukigusa, ifute kwa kitambaa safi chenye spiriti.

4. Ingiza glopu. Inakaa kwa namna moja tu, basi ikikataa usilazimishe, igeuze. Rudisha springi, mpira na plagi. Usiuache mpira, kwa sababu ndio unaozuia maji na vumbi.

5. Washa dimu, kisha fulu, mbele ya ukuta. Isipowaka, kagua fyuzi na plagi kabla ya kununua glopu nyingine.

Pengine mtasema, "Sisi hatuna gari, yatuhusu nini?" Yanawahusu sana. Gari lenye taa moja, anayekuja mbele hudhani ni pikipiki. Na taa ya kushoto ndiyo inayomulika pembeni, mnakopita ninyi kwa miguu na kwa baiskeli. Kabla ya kupanda gari usiku, zunguka mbele utazame. Taa zote mbili zinawaka? Kama moja imekufa, mwambie dereva. Akikasirika, mwache akasirike.

Yule ndugu wa baiskeli tunasalimiana hadi leo. Kila nikiuona mkono wake, naikumbuka ile 24V. Ilikuwa imeandikwa wazi.