Swali la Mbunge na Daftari la Chama

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twawakumbuka kwa heshima wenzetu waliotangulia katika mwaka uliokwisha. Hesabu za fedha mmekwisha kuzisikia kwa Mweka Hazina. Sisi tumepewa kazi ya kueleza jambo moja ambalo Halmashauri imelijadili katika vikao vitatu. Je, yatupasa kuendelea kuchanga tu kila mwenzetu apatwapo na shida, au wakati umefika wa kumpelekea Mbunge wetu maswali ya kuwauliza Mawaziri kuhusu matibabu, bima na haki mahakamani?

Tukisema "kuchanga tu" hatukusudii kuudharau mchango. Mchango ndio ulioanzisha chama hiki, na siku tutakapouacha hatutakuwa chama tena. Lakini daftari letu latuonyesha jambo la kuhuzunisha. Mwaka huu tulimlipia mwenzetu mmoja gharama za hospitali ambazo yeye aliamini zitalipwa na bima ya afya. Tulimzika mwingine aliyeumizwa na gari miaka kadhaa iliyopita, akafa bila kupata hata senti moja ya fidia. Kila mara tulitoa fedha, tukaandika kiasi, tukafunga daftari. Hatukuandika tarehe aliyokwenda ofisini, wala jibu aliloambiwa dirishani, wala nambari ya faili yake. Mchango ulimsaidia mtu mmoja, nalo kosa likabaki pale pale likimngoja mwanachama wa pili.

Hebu tuseme kidogo habari za yule aliyeumizwa na gari, kwa maana ndiye aliyetufungua macho. Jina lake hatulitaji kwa heshima ya mjane wake, ambaye tunaye hapa leo. Mzee huyu alivunjika mguu akawa mtu wa mkongojo. Aliambiwa na wenye gari asiwe na haraka, bima italipa. Akangoja. Sheria yetu yasema kwamba mwenye kudai fidia kwa kuumizwa na uzembe wa mtu mwingine yapasa afungue kesi ndani ya miaka 3. Yeye alimletea Karani wetu karatasi zake katika mwaka wa nne. Miaka ile yote alikuwa akikaa nasi katika mikutano, tukinywa naye chai, na mara mbili tulimchangia. Wala hakutokea hata mmoja wetu aliyemwuliza, "Mzee, kesi umeifungua?" Huo ndio ukweli, na lawama yake haiwaangukii watu wa bima peke yao.

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Nasi twaongeza kwamba kutouliza kwaweza kuwa hasara isiyolipika.

Wazee mnakumbuka, na vijana yafaa wajue, kwamba swali ndilo lililokuwa silaha ya kwanza ya Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria. Baraza lile lilianza mwaka 1907, na kwa miaka mingi mambo ya Waafrika yalisemewa humo na Wazungu. Mwaka 1944 Bwana Eliud Mathu aliteuliwa, akawa Mwafrika wa kwanza kuketi humo. Alikuwa mmoja kati ya wengi, na kwa hesabu ya kura hakuweza kumshinda mtu. Lakini aliweza kusimama na kuuliza, na maneno yake yakaandikwa katika taarifa rasmi. Mwaka ule ule Waafrika wakaunda Kenya African Study Union, ili kumwunga mkono na kumpa mashauri. Walijua kwamba msemaji mmoja, hata akiwa hodari namna gani, huhitaji watu nyuma yake wa kumwambia yanayotendeka mashambani na mijini. Mwaka 1957 walipochaguliwa Waafrika 8 wa kwanza kwa kura, kazi hiyo ya kuuliza ilikwisha kuwa na njia iliyokanyagwa.

Siku hizi mambo yamebadilika. Kwa Katiba ya mwaka 2010, Waziri si Mbunge. Lakini Kifungu cha 153 chamlazimu kufika mbele ya kamati ya Bunge anapotakiwa, na kujibu swali lolote lihusulo wizara yake. Baadaye Kanuni za Kudumu zilirekebishwa ili Mawaziri waweze pia kufika mbele ya Bunge zima na kujibu. Kifungu cha 119 nacho chatupa sisi wenyewe haki ya kupeleka maombi Bungeni, na lugha ya Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Basi mtu asituambie kwamba jambo hili ni la wenye Kiingereza.

Wajumbe wetu walipomwendea Mheshimiwa Mbunge, hakukataa. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nileteeni karatasi. Malalamiko matupu ninayo ya kutosha." Wajumbe walirudi wamenyamaza, kwa sababu karatasi hatukuwa nazo. Hata hivyo Halmashauri imeandika maswali matatu, nayo ni haya.

Swali la kwanza ni la matibabu. Bima ya hospitali ya taifa ilianzishwa mwaka 1966, ikafanywa shirika la serikali kwa sheria ya mwaka 1998. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wananchi wote, ulioletwa na Waziri wa Afya wa wakati huo, Bi. Charity Ngilu, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi. Ilipita karibu miaka 20 kabla ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023. Mnamo Julai 2024 Mahakama Kuu iliibatilisha sheria hiyo, Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu ile, na mpango mpya ukaanza tarehe 1 Oktoba 2024.

Yatupasa kuwa waadilifu tunapousema mpango huu. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mtu wa mshahara wa shilingi 20,000, aliyekuwa akikatwa shilingi 750 zamani, sasa hukatwa 550. Huyo amepata nafuu. Wa shilingi 100,000 alikuwa akitoa 1,700, sasa hutoa 2,750. Lakini wengi wetu hapa hatuna mshahara. Sisi ni wakulima, mafundi na wenye vibanda. Mchango wetu wakadiriwa kwa kuulizwa habari za nyumba na mali zetu, hauwezi kupungua shilingi 300 kwa mwezi, na mpango ulipoanza ulitakiwa wa mwaka mzima kwa mara moja. Shilingi 3,600 si nyingi kwa mwenye kuzipata pamoja. Kwa mama auzaye mboga, apataye leo na kukosa kesho, ni mlima. Swali letu ni hili: Waziri wa Afya ana mpango gani wa kumwezesha asiye na mshahara kulipa kidogo kidogo kwa kadiri ya mapato yake, bila kuingia katika deni, na ni njia gani iliyo wazi kwa mtu anayeona amekadiriwa kupita uwezo wake?

Swali la pili ni la bima ya magari. Kila gari barabarani yalazimika kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine. Sheria yailazimu kampuni ya bima kulipa hukumu aliyopewa aliyeumizwa, mpaka kikomo cha shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Lakini mwananchi ashindaye kesi huenda akazunguka na hukumu yake mkononi kama mtu mwenye ufunguo asiyeuona mlango. Kwa kuwa msimamizi wa makampuni ya bima yuko chini ya Wizara ya Fedha, swali liende kwa Waziri huyo: ni hukumu ngapi ambazo makampuni hayajazilipa, zimekaa kwa muda gani, na ni hatua gani zimechukuliwa?

Swali la tatu ni la haki. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilitungwa mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ya namna hiyo ikafunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yataka kesi imalizike katika siku 60. Mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili, tena kwa Kiswahili. Mahakama ya namna hii ndiyo inayomfaa mnyonge. Basi twauliza: ni fedha kiasi gani zimetengwa ili mahakama hizi na waamuzi wake wawafikie wananchi wa mashambani, nasi zamu yetu ni lini? Hapa tuwaonye wenzetu. Mbunge haruhusiwi kuuliza habari za kesi iliyo mbele ya hakimu, wala si vema Bunge limwambie hakimu namna ya kuamua. Swali letu ni la fedha, majengo na watumishi, si la hukumu ya fulani.

Wenzetu, tusidanganyane. Swali si dawa, na jibu la Waziri si hundi. Habari ya mwaka 2004 yatufundisha kwamba hata mswada uliopita Bungeni waweza kulala miaka mingi. Lakini jibu likisha kuandikwa katika taarifa rasmi huwa ahadi yenye tarehe, nasi twaweza kurudi mwaka ujao tukiishika mkononi na kuuliza, "Imekuwaje?"

Kwa hiyo Halmashauri inawaomba mkubali mambo manne. Kwanza, kiwekwe kitabu cha pili kando ya daftari la fedha, ambamo Karani ataandika shida ya kila mwanachama, pamoja na tarehe, ofisi, nambari ya faili na jibu alilopewa. Pili, kila aliyeumizwa katika ajali aulizwe habari za kesi yake katika kila mkutano, mpaka iishe. Tatu, kabla ya miezi mitatu kupita wajumbe wamrudie Mheshimiwa Mbunge wakiwa na maswali haya na nakala za karatasi. Nne, majibu yachapwe katika taarifa yetu ya mwaka ujao, yawe mema au mabaya, na kama hakuna jibu, hilo nalo lichapwe.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuitumia methali hii kwa mambo ya fedha. Sasa tumejifunza kwamba haki nayo ni mali.

Mjane wa mwenzetu ametukabidhi mkoba wa karatasi za marehemu, akasema kwamba yeye hazitamsaidia tena, ila huenda zikamsaidia mwingine. Zimeandikwa jana katika ukurasa wa kwanza wa kitabu kipya, tukitumaini kwamba mtakikubali. Kurasa nyingine zawangojea ninyi.